Punguza Mafuta, Mzee

Nyinyi mnaoanza kazi mwaka huu, na sare zenu bado zina mikunjo ya dukani, vumilieni kidogo niwasumbue. Mimi nimestaafu. Niko Naitiri na ng'ombe wangu watatu wa maziwa, na hakuna hata mmoja anayefanya ninachomwambia. Kwa hivyo nimeamua kuwaandikia nyinyi, ambao angalau mnajua kusoma.

Jina langu ni Nafula. Nilikuwa muuguzi, kwanza Bungoma kwenye kliniki ya wagonjwa wa sukari, kisha Kitale kwenye wodi ya upasuaji. Ndani ya kazi hiyo nilikuwa na kazi yangu nyingine ndogo ambayo watu waliicheka: kupima mafuta ya wagonjwa waliokuwa wakingoja kupasuliwa mishipa ya damu. Ninasema mafuta ya mwilini, si ya gari wala ya kupikia. Nafafanua mapema kwa sababu kuna siku sikufafanua, na mtu nusura apoteze mguu.

Mshipa unaopeleka damu mguuni ukiziba, mguu huanza kufa kutoka vidoleni ukipanda juu. Daktari wa mishipa huchukua mshipa mwingine, mara nyingi kutoka mguu uleule, akaushona ili damu ipite kando ya pale palipoziba, kama mkulima anavyochimba mfereji kuzunguka jiwe. Kushona ni kazi yake daktari. Lakini kama kidonda kitafunga au hakitafunga, kama mgonjwa atarudi nyumbani kwa wiki moja au atakaa nasi mpaka tumjue kwa jina la utani, hayo hutegemea sana mwili alioingia nao thieta kupasuliwa. Ana mafuta kiasi gani? Yamekaa wapi? Na chini yake kuna nyama, au ni mafuta matupu? Hapo ndipo nilipokuwa naitwa mimi na tepu yangu.

Aliyenifundisha ni Sista Wanjiru, msimamizi wa wodi, mama wa Kikuyu ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kulima mahindi. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilitosha wodi mbili. Tulikuwa na ugonjwa mmoja, mimi na yeye: l na r hazikukaa mahali pake mdomoni mwetu. Tofauti ni kwamba mimi nilijua ninao, lakini yeye aliamini ni wangu peke yangu.

"Nafura," alikuwa akiniambia mbele ya wagonjwa, "nyinyi Wabukusu mtajifunza rini kusema Kiswahiri?"

Siku yangu ya kwanza wodini alinipa utepe wa fundi wa nguo, akanituma kupima kiuno cha mzee mmoja kutoka Endebess. Asubuhi ya Kitale mnaijua. Mzee alikuwa amevaa sweta mbili na koti, nami nikazungusha tepu juu ya vyote, nikaandika. Sista Wanjiru akasoma ile namba, akamtazama mzee, kisha akanitazama mimi.

"Umepima mtu ama umepima kabati?"

Nikarudi kumwomba mzee avue. Akakataa. Akasema kuvua angeweza, lakini kupimwa hapana, kwa sababu mtu wa mwisho kupimwa na kamba nyumbani kwao alikuwa ndugu yake, na aliyempima alikuwa seremala. Sista Wanjiru akanisukuma kando kwa kiwiko.

"Mzee, usiogope. Tunakupimia suti."

Mzee akavua sweta zote mbili akainua mikono. Nilimwona Sista Wanjiru kuwa mtu mwenye akili kuliko wote Kitale nzima, mpaka siku ya yule mzee kuruhusiwa kwenda nyumbani. Alikuwa amekaa kitandani, amefunga virago, barua ya kutoka iko mfukoni, na haendi. Tukamuuliza anangoja nini.

"Suti," akasema.

Tulishauriana kwenye korido kama watu walioitwa mahakamani. Mwishowe Sista Wanjiru akamletea pajama mpya ya wodi, ya bluu, imepigwa pasi. Mzee akaigeuza mbele na nyuma, akaikubali, kisha akauliza, "Na tai?"

Kwa hivyo mwambie mgonjwa ukweli kuhusu unachopima. Mwambie, "Nataka kujua kama mwili wako una akiba ya kutosha kuponya kidonda." Hakuna aliyewahi kunikatalia nilipoeleza hivyo. Halafu pima sawasawa. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta ncha ya mfupa wa nyonga, kisha pitisha tepu katikati yao juu ya ngozi, si juu ya fulana. Mgonjwa avute pumzi, aitoe, nawe usome mwisho wa kuitoa. Wanaume watakunja tumbo ndani. Mpigishe hadithi za mvua mpaka asahau, na tumbo litarudi lenyewe.

Wanawake walikuwa wakinisumbua kwa njia nyingine. Kuna mama mmoja wa Matisi aliyekuwa na duka la mboga, nikampima, akataka kujua nimemwandikia nini jirani yake wa kitanda. Kwa bahati mbaya aliiona karatasi.

"Ati huyu ananishinda? Sista, si uongeze kidogo bana. Watasema mzee wangu hanilishi."

Nilimweleza kwamba kiuno kikubwa si sifa hapa, kwamba mafuta yanayojaza tumbo kwa ndani hayana urafiki na mishipa. Akanisikiliza kwa heshima zote. Nilipofika mlangoni nikamsikia akimwambia jirani yake kwamba sista ni mtu mzuri, ila ameolewa kwenye umaskini.

Baadaye tuliletewa kibanio cha kupimia unene wa mafuta chini ya ngozi, kinachofanana na koleo. Unakibana nyuma ya mkono, unasoma. Mgonjwa wa kwanza niliyembana aliniangalia, akaniomba kile chombo kwa upole, akanibana na mimi palepale, akanirudishia. "Sasa tumetoshana," akasema. Siku hizi najua mnaangalia picha ya mashine inayomkata mtu vipande kwenye kioo, mafuta rangi moja na nyama rangi nyingine, na hamhitaji kumvua mtu sweta. Vizuri. Mimi sipingi mashine. Lakini msiache kumsalimia mgonjwa kwa mkono. Siyo ile "niaje mzee" mnayoirusha kutoka mlangoni. Ushike mkono, umwombe akubane kwa nguvu zake zote. Mtu mnene ambaye mkono wake unalegea kiganjani mwako ni mtu wa kuogopewa. Nimewaona wengi, na mizani ilikuwa inawasifu.

Nilikuwa na daftari la shule la mistari ambamo niliandika kila niliyempima, na mbele ya jina nikaandika yaliyompata baada ya upasuaji. Halikuwa utafiti, na kama mtafiti angeliona angelia. Lakini lilinifundisha kitu ambacho sikukitarajia. Nilidhani wanene ndio watakaoniumiza kichwa. Ni kweli waliniumiza: tumbo likilalia kinena, mshono uliopo pale unaloa jasho na kufunguka, na ni wewe muuguzi wa kuuweka mkavu kwa shashi, kutwa mara kadhaa. Ila walionitisha zaidi walikuwa waliokonda. Hao kidonda kidogo tu kiliwashinda. Na waliokuwa wagumu kuliko wote kuwatambua ni wale waliokonda ndani ya unene: tumbo kubwa, mapaja membamba, mikono mitupu. Wa namna hiyo alikuwa Mzee Barasa, na sasa nifike kwake, maana nimekuwa nikimzunguka tangu mwanzo.

Mzee Barasa nilimwona mara ya kwanza nikiwa bado Bungoma. Alikuwa mkulima kutoka hapahapa Naitiri, mgonjwa wa sukari, mzee wa kanisa, na tumbo lake lilimtangulia kuingia mlangoni. Kitu kimoja mjue kumhusu: alikuwa mtiifu. Ukimwambia mzee wa kawaida ameze vidonge saa mbili, humeza akikumbuka. Mzee Barasa aliweka saa mezani akaingoja ifike.

Siku hiyo foleni ilikuwa imefika hadi nje, mimi sijanywa chai. Nikampima kiuno, nikatikisa kichwa, nikamwambia maneno matatu: "Punguza mafuta, Mzee."

"Sawa, Sista," akasema, akavaa kofia yake, akaenda.

Hiyo ndiyo elimu yote niliyompa. Maneno matatu, na moja kati ya hayo ni cheo chake.

Miezi mingi ikapita, mimi nikahamishiwa Kitale. Asubuhi moja nikaingia wodini nikasikia mtu akiita kwa furaha kutoka kitanda cha pembeni.

"Sista Nafura! Mulembe! Ni mimi, Barasa! Nirifanya vire urisema!"

"Mulembe, Mzee. Ulifanya nini?"

"Niriacha mafuta! Siyo kupunguza, kuacha kabisa. Tangu ire siku sijaguza."

Nikatazama tumbo. Lilikuwa palepale, tena limepata wenzake. Nikamuuliza nyumbani walikuwa wakipika kwa kutumia nini basi.

"Kupika? Mambo ya kupika murize Mama Nekesa. Mimi nasema mafuta ya kujipaka."

Ndipo nikafunua shuka. Miguu ilikuwa ya kijivu na imepasukapasuka, kama barabara ya Januari. Ufa mmoja wa kisiginoni ulikuwa umeshakuwa kidonda, na kidole kikubwa cha mguu huohuo kilikuwa cheusi. Mwenye sukari asipopaka ngozi mafuta inakauka, inapasuka, na uchafu unaingia. Mshipa wa paja ulikuwa umeziba kwa sababu zake wenyewe, hilo siwezi kujitwika. Lakini ule ufa nilikuwa nimeutuma mimi.

Mke wake, Mama Nekesa, alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kitanda, viwiko vyake vyeupe kama unga.

"Arikataza nyumba nzima, Sista," akasema taratibu. "Mimi, watoto, hata wajukuu. Ati ni amri ya hospitari. Kanisani wakawa wanatuuriza kama tumetoka kuchimba kisima."

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka mpaka nikashika kitanda, na wao wakacheka pamoja nami kwa sababu walikuwa watu wema. Kisha nikaenda stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikalia. Sista Wanjiru akanikuta humo. Sikumficha kitu. Hakunibembeleza.

"Sasa pangusa uso," akasema, "uende umwambie. Umwambie vizuri safari hii."

Nikaenda. Nikamwambia Mzee Barasa kosa lilikuwa langu, na kwamba nilikuwa nimemaanisha mafuta ya tumboni. Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Aa. Kumbe ni tumbo. Si ungesema tu, Sista."

Nikatoka hapo nikiwa mwepesi. Hamjui jinsi nilivyokuwa mjinga.

Daktari wetu wa mishipa alikuwa Daktari Ndiwa, mtu wa Mlima Elgon, mpole, aliyekuwa akija kwetu Jumanne moja kila baada ya wiki mbili. Alipomfikia Mzee Barasa alipapasa mguu kutoka kinena hadi unyayo, akamshika mkono, akamwambia abane. Halafu akaniita kando.

"Sista, ukiangalia mizani huyu ni mnene. Ukimshika mkono ni mtu mwenye njaa. Tumbo linatudanganya. Nikimpasua hivi alivyo, mshono hautafunga."

"Tufanye nini, Daktari?"

"Kidole kimekauka, hakijaingia wadudu. Tunaweza kungoja mpaka nikirudi, lakini si zaidi. Mlishe. Mayai, nyama, maharage. Nikirudi nikute mkono una nguvu, nitashona mshipa. Nikikuta umelegea zaidi, na ule weusi umepanda, nitakata juu ya goti. Sitaki kumuua kwa kujaribu."

Nilimpima Mzee paja siku hiyo kwa uangalifu ambao sijawahi kumpimia mtu. Siku ya tatu nikampima tena, limepungua. Siku ya tano limepungua tena. Sahani zake zilikuwa zikirudi jikoni tupu, zimelambwa. Sikuelewa. Nilichokuja kuelewa nilikielewa kwa tepu: kwenye kitanda kilichofuata alikuwa amelala kijana mmoja wa boda boda aliyevunjika mguu, na ile siku ya tatu, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikuwa nimempima na yeye mkono. Siku nne baadaye mkono wa boda boda ulikuwa umenenepa, na mashavu yake yanang'aa.

"Wewe unakula nini?" nikamuuliza.

Akamtazama Mzee Barasa. Mzee akatazama dari.

"Mzee, unampa chakula chako?"

"Napunguza mafuta ya tumbo, Sista," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Kama urivyosema. Nataka daktari akirudi arikute rimeisha."

Nikamwomba ale. Nikamwamuru ale. Nikamweleza kwamba tumbo litangoja, kwamba sasa mwili unakula nyama ya mapaja yake na kuyaacha mafuta palepale. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsaidia mtu aliyechanganyikiwa. Bungoma nilisema apunguze. Kitale nikasema ni ya tumboni. Sasa nasema ale. Ati amri ya tatu inawezaje kufuta mbili? Alikuwa anakula yai moja kwa siku ili nisione vibaya. Nilikuwa nimempa neno, na neno lilikuwa limeshika kuliko dawa.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo. Ilibaki moja.

Kulikuwa na fomu ya kukubali upasuaji, ambayo Mzee alitaka ijazwe mbele ya familia yake. Nyinyi mnajua, au mtajua, kwamba wodini kalamu hazikai. Zinachukuliwa na madaktari. Nikampigia simu binti yake, Nekesa, nikamwambia waje kesho mchana kwa ajili ya ile fomu ya baba yao, na wasisahau kuleta kalamu.

Ndivyo nilivyokusudia kusema. Ulimi wangu ukasema karamu.

Lau ningempigia Mama Nekesa, hakungekuwa na neno. Mbukusu akisikia karamu kutoka kwa Mbukusu mwenzake anajua kupima, inaweza kuwa hii au ile. Lakini Nekesa alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kazi yake ilikuwa kuamini kwamba neno ni lile lililotamkwa. Akaandika kwenye kikundi cha familia simuni: "Hospitali imesema twende kesho kwa ajili ya Baba. Tubebe karamu." Na familia nzima, kutoka Naitiri hadi Matisi, ikaelewa kitu kimoja. Madaktari wamekata tamaa. Wameita chakula cha kuagana.

Kesho yake mchana nikasikia wimbo wa kanisani ukija kwenye korido. Nikatoka. Mbele alikuwa Nekesa, macho yamevimba, amebeba sufuria iliyofungwa kwa leso. Nyuma yake Mama Nekesa, kisha wajomba, mashangazi, kina mama wa kanisa, karibu watu ishirini. Kulikuwa na kuku wanne wazima waliopikwa, ugali wa wimbi kwenye beseni, mayai, maharage, kunde, uyoga wa kukausha. Walikuwa wanaimba wanalia, wanalia wanaimba. Boda boda akakaa wima kitandani.

Mzee Barasa akainuka kwa viwiko, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mjomba mmoja mzee, aliyekuwa ameshikilia beseni la ugali, akajibu kwa heshima, "Bado."

Mzee akanigeukia. "Sista, hospitari imeita karamu?"

Nikafungua mdomo kukana. Nikahisi vidole vikinibana mgongoni kwa nguvu kuliko kibanio chochote. Sista Wanjiru alikuwa amesimama nyuma yangu, na alikuwa ameona jambo lote, kuku na fomu na ulimi wangu, kwa mara moja.

"Ndiyo," akasema kwa ile sauti ya wodi mbili. "Ni amri. Mgonjwa ndiye mwenye karamu. Anakura wa kwanza, anashiba, ndio wageni wakure. Asipokura, hawa wote wanarudi Naitiri na njaa."

Mzee Barasa akawatazama tena wale watu ishirini waliotoka nyumbani alfajiri. Hawezi mzee wa kanisa, mwenye boma, kufukuza wageni na njaa. Na ilikuwa amri.

"Nipeeni kuku," akasema.

Akala paja, akala kifua, akala mayai mawili na maharage. Sista Wanjiru akampunguzia ugali kwa ajili ya sukari, akamwongezea kunde. Kila akiweka mkono chini, mjomba anameza mate kwa sauti, na Mzee anachukua kipande kingine kwa kumhurumia. Aliposhiba akauliza kama amri hiyo ni ya leo tu.

"Ni ya kira siku," Sista Wanjiru akasema, "mpaka daktari arudi."

Najua nimewaambia hapo juu msimdanganye mgonjwa. Haukuwa uongo. Msimamizi wa wodi ana uwezo wa kutoa amri, na aliitoa palepale, mbele ya mashahidi.

Nikamvuta Nekesa kwenye korido nikamweleza. Sikuweza kumtazama usoni.

"Kalamu," akasema. "Sista. Ka-la-mu." Akakaa kwenye benchi, akacheka huku machozi yakimtoka, maana tangu jana yake alikuwa amemzika baba yake mara kumi kichwani. Akaniambia kwamba mwanafunzi wake akifanya kosa hilo humkata alama mbili. Nikamwambia anikate. Kisha tukakumbuka fomu. Tukauliza watu wote ishirini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kalamu isipokuwa yeye Nekesa, na yake ilikuwa nyekundu ya kusahihishia. Mzee akatia sahihi kwa wino mwekundu.

Wakaja kila siku, kwa zamu, watatu leo, wanne kesho, na hakuna aliyekula kabla ya mgonjwa kushiba. Boda boda akalalamika kwamba amekonda. Nilimpima Mzee paja kila asubuhi, na kwa siku tatu halikusogea, nami sikulala vizuri siku hizo tatu. Siku ya nne lilikuwa halijapungua wala kuongezeka, lakini alipaka mguu mafuta mwenyewe, akiwa amekaa, bila kushikiliwa. Siku ya sita akanibana mkono nikasema "Ai!"

Jumanne ikafika. Daktari Ndiwa akasoma fomu, akauliza ni mtihani gani mgonjwa alioanguka. Akapapasa mguu. Weusi ulikuwa haujapanda. Akampa Mzee mkono, akamwambia abane, na Mzee, kwa kuwa ameambiwa abane, akabana.

"Niachie, Mzee," Daktari akasema. "Hivyo ndivyo vidole ninavyoshonea."

Walimshona asubuhi nzima hadi mchana. Kidole kikubwa kilikatwa, hicho hakikuwa na namna. Alipotoka thieta sikungoja kuambiwa. Nilimwekea mgongo wa mkono wangu juu ya unyayo. Tangu aje ulikuwa baridi kama sakafu. Sasa ulikuwa na joto. Nilisimama hapo nimeushika mguu wa mtu mpaka Sista Wanjiru akaniuliza kama naota moto. Nilifurahi siku hiyo kuliko siku niliyopata kazi. Tumbo, kwa kumbukumbu za daftari langu, lilikuwa halijapungua hata kidogo.

Nilimwambia jinsi ya kulala ili tumbo lisilalie mshono, na akalala hivyohivyo. Nilimwambia kinena kikae kikavu, na akakilinda kama shamba la mahindi machanga. Kila neno nililompa sasa nililipima kwanza. Mshono ukafunga bila kuloa.

Kukabaki suala la kidole. Wazee wa ukoo walisema sehemu ya mtu haitupwi, irudishwe nyumbani izikwe. Mzee Barasa akasema sawa, lakini kidole ni chake na hakizikwi yeye hayupo. Maabara ikakihifadhi kwenye chupa mpaka siku ya kuruhusiwa. Wiki kadhaa baadaye nikaalikwa mazishini, hapa Naitiri, mimi na Sista Wanjiru, tukakalishwa mbele pamoja na wafiwa.

Shimo lilikuwa dogo, kando ya zizi. Mchungaji aliomba kwa ufupi, kwa sababu hakuwa na uhakika wa maneno. Mama Nekesa akalia kidogo, viwiko vyake vinang'aa. Kisha Mzee Barasa akatoka nyumbani kwa miguu yake miwili, amevaa viatu vya kufunika kama nilivyomwagiza, akavuka uwanja bila fimbo, na akachukua koleo kutoka kwa kijana aliyekuwa tayari kufukia. Akasimama kwa ule mguu tulioushona. Mwingine akauweka juu ya koleo, akakandamiza, akainua udongo.

Ilikuwa mapema mno kwa kazi hiyo. Muuguzi yeyote angemwambia aache. Nami nilifungua mdomo, kisha nikaufunga, kwa sababu nilimjua huyu mtu: angeacha kweli, na asingeshika koleo tena maisha yake yote.